Fahamu: Kwa nini kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakitoshi

Wimbi la pili la Uviko-19 lilipoikumba Uganda Juni 2021, kile kidude kinachobana kidole kilipata umaarufu hata majumbani. Mwanafunzi wa uuguzi anayeingia wodini, tuseme katika Hospitali ya Naguru, divisheni ya Nakawa, hukikimbilia kwanza. Asikiamini mno.

Kifaa hupitisha mwanga kidoleni na kukadiria damu imebeba oksijeni kiasi gani. Asilimia 95 na zaidi ni kawaida. Ikishuka chini ya 90, mgonjwa apewe oksijeni. Ila rangi ya kucha na vidole vya baridi huvuruga kipimo. Aliyelala na sigiri ya mkaa chumba kikiwa kimefungwa anaweza kuonyesha 98 huku mwili wake ukikosa oksijeni, kwa kuwa kifaa hakitofautishi sumu ya moshi na oksijeni. Tena, utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kifaa hukosea zaidi kwa wenye ngozi nyeusi: upungufu wa oksijeni uliofichika ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa weupe. Kwetu hilo si jambo dogo.

Basi hesabu pumzi, dakika nzima, bila kumwambia mgonjwa, maana akijua hubadili mwendo wa pumzi. Mtu mzima ni 12 hadi 20. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, shuku nimonia. Mfunue kifua: je, kinabonyea chini ya mbavu? Ubluu wa kukosa oksijeni utafute ulimini na kwenye fizi. Mgonjwa akihema kwa shida na kifaa kinasema 97, mwite daktari.