Feni inavuma, kompyuta haiendi: Daftari la vitenge lilivyookolewa Arua Hill

Na Mwandishi wa Masuala ya Kikanda

ARUA, Uganda

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ila hawakuiona siku ambayo daftari lenyewe lingekwama ndani ya kompyuta inayochukua dakika ishirini kuwaka.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge anayeishi Arua Hill. Ameomba jina lake lisitajwe, kwa sababu baadhi ya wadaiwa wake husoma gazeti hili. Hununua vitenge upande wa Kongo, katika soko la Ariwara, huviuza Arua na Koboko, na vingine hupita Oraba kuelekea Kaya, Sudan Kusini. Kwenye kompyuta ya mezani iliyopo sebuleni kwake kuna orodha ya watu wote aliowakopesha, kwa sarafu nne: shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo, pauni ya Sudan Kusini na dola ya Marekani.

"Mwanangu, hii mashine ilikuwa nzuri," aliniambia. "Sasa nikiiwasha asubuhi naenda kupika chai, nakunywa, nafagia uwanja, narudi, bado inazungusha tu kile kiduara chake."

Alikuwa amekwisha kuwaona mafundi wawili. Wa kwanza alimwambia mashine imezeeka, anunue nyingine. Wa pili alitaka kuifomati, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya, bila hata kuuliza kama hesabu zake zina nakala mahali pengine. Mama alikataa. "Yale majina yakifutwa, nitamdai nani? Lile si daftari tu. Ndio mtaji wangu."

Nilikuwepo siku fundi wa tatu alipokuja, kijana anayefanya kazi zake Koboko. Alichofanya siku ile kinaweza kumsaidia yeyote mwenye kompyuta ya nyumbani inayojikokota huku feni ikivuma kama genereta.

Karani mmoja, foleni ndefu

Kwanza alimweleza mama tatizo lenyewe. Ndani ya kila kompyuta kuna prosesa, kifaa kinachofanya hesabu zote. Alimtaka afikirie karani mmoja katika kituo cha forodha cha Vurra. Kila mwenye shehena anapanga foleni mbele yake. Akija mtu mmoja na maboksi elfu ya karatasi, akamshika karani kutwa nzima, wengine wote watasimama juani hata kama kila mmoja ana karatasi moja tu.

Kompyuta ikionyesha kwamba matumizi ya prosesa ni asilimia 100, maana yake karani hana hata dakika ya kupumua. Si lazima karani awe mbovu au mzee. Swali la kuuliza ni moja: nani amemshika?

Kufika asilimia 100 kwa sekunde chache ni jambo la kawaida, kwa mfano unapofungua programu kubwa. Tatizo ni inapobaki huko juu dakika baada ya dakika wakati wewe hufanyi lolote.

Nakala kwanza

Kabla ya kugusa chochote, fundi aliomba flashi mbili mpya. Alinakili mafaili ya hesabu, picha za risiti na barua, basi. Programu hakuzinakili, maana programu ndizo mara nyingi hubeba virusi. Flashi moja ilibaki kwa mama. Ya pili ilipelekwa kwa dada yake, na onyo kwamba isifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kukaguliwa.

"Kufomati si dhambi, mama," alisema. "Dhambi ni kufomati kabla ya kunakili."

Kisha akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Kwenye kompyuta za Windows hufunguka kidirisha kinachoitwa Task Manager, chenye orodha ya programu zote zinazofanya kazi. Ukibofya neno CPU juu ya safu yake, programu inayomchosha karani zaidi hupanda juu kabisa. Ikiwa kidirisha ni kidogo na hakina safu hizo, bofya "More details" chini yake.

Kilichofuata kilinishangaza. Namba ilianza asilimia 100, na ndani ya sekunde chache ikashuka hadi 6. Feni ikanyamaza. Mama akashangilia, akidhani amepona.

Fundi hakushangilia. Alifunga kile kidirisha, akakunja mikono, akasubiri. Haikupita dakika moja, feni ikaanza kuvuma tena. Akakifungua, ikanyamaza. Akakifunga, ikavuma.

"Kuna mwizi humu ndani," alisema. "Akisikia mlango unafunguliwa, anajificha."

Mchimbaji aliyefichwa

Zipo programu za siri zinazoitumia kompyuta yako kuchimba sarafu za kidijitali. Monero ni moja ya sarafu zinazopendwa na wahalifu wa aina hii, kwa kuwa inaweza kuchimbwa kwa prosesa ya kawaida. Prosesa yako hufanya hesabu mchana na usiku, sarafu inakwenda kwa mtu usiyemjua, na bili ya umeme inabaki kwako. Baadhi ya programu hizi zimetengenezwa zisimame mara tu Task Manager inapofunguliwa, ili mwenye nyumba asione kitu.

Fundi alimuuliza mama: lini mashine ilianza kuwa nzito? Baada ya kufikiri, alikumbuka kwamba ilianza muda mfupi baada ya muuzaji mmoja mjini kumwekea Excel "ya bure" kutoka kwenye flashi, pamoja na programu ndogo ya kuvunja kufuli la leseni. Programu za namna hiyo mara nyingi humtaka mtumiaji azime kinga ya kompyuta kwanza. Anayekuomba umfungie mbwa kabla hajaingia uani, jiulize anakuja kufanya nini.

Katika Windows Security, sehemu ya "Virus & threat protection", fundi alikuta kinga imezimwa. Jambo la pili lilikuwa baya zaidi: kwenye orodha iitwayo "Exclusions", yaani mahali ambapo kinga imeambiwa isikague, diski yote ya C ilikuwa imeandikwa. Hata kama mama angeiwasha kinga mwenyewe, isingetazama popote.

Aliifuta diski hiyo kwenye orodha, akaiwasha kinga, akaiacha ijisasishe kwa intaneti ya simu, kisha akachagua ukaguzi uitwao "Microsoft Defender Offline scan". Ukaguzi huu huzima kompyuta na kuiwasha upya, na hufanyika kabla Windows yenyewe haijaamka, wakati mwizi naye bado amelala. Huchukua kama dakika 15. Ulipokwisha, aliiondoa ile programu ya kuvunja leseni pamoja na Excel iliyokuja nayo, akafanya ukaguzi kamili wa diski, uliochukua muda uliobaki wa mchana.

Mahali pa Excel aliweka LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali na inafungua hesabu zilizoandikwa kwa Excel. Orodha ya wadaiwa ilifunguka na majina yote yalikuwepo.

Hatua ya mwisho ndiyo ambayo wengi huisahau. Mama alibadilisha nywila za barua pepe, za benki na za kodi kwa kutumia simu yake, si kompyuta ile. Aliyekuwa ndani huenda alishaziona za zamani.

Si kila kelele ni mwizi

Fundi alisisitiza kwamba mchimbaji wa siri si sababu ya kwanza ya kufikiria. Kompyuta nyingi anazoletewa zina matatizo madogo zaidi, na mengi mwenyewe unaweza kuyamaliza nyumbani.

Anza kwa kuiwasha upya kwa "Restart". Kwenye Windows 10 na 11, "Shut down" ya kawaida mara nyingi haisafishi kila kitu, kwa kuwa mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake ili uwake haraka. "Restart" ndiyo huanza upya kweli.

Soma majina kabla ya kuogopa. Ukiona "Antimalware Service Executable" juu ya orodha, hiyo ni kinga inafanya ukaguzi, iache imalize. Ukiona kazi za Windows Update, huenda kompyuta ilikaa muda mrefu bila intaneti na sasa inajisasisha. Mtu anayenunua bando la siku moja kila wiki atakutana na hali hii mara kwa mara: inaanza kujisasisha, bando linakwisha, wiki ijayo inaanza tena. Iache usiku mmoja kwenye intaneti ya kutosha imalize. "System Idle Process" yenye asilimia 95 nayo isikutishe, kwani hiyo ni hesabu ya muda ambao karani amekaa bure.

"System interrupts" ikipanda na kubaki juu, shuku kifaa kilichochomekwa. Chomoa printa, flashi na vifaa vingine kimoja kimoja, ukitazama namba inashuka wapi.

Punguza wanaoamka na wewe. Kwenye Task Manager kuna sehemu iitwayo "Startup" au "Startup apps". Programu nyingi hujiandikisha hapo ili ziwake zenyewe kila asubuhi. Zima usizozihitaji, hazifutwi, zinasubiri tu uziite.

Kagua kivinjari. Kurasa thelathini zilizo wazi, pamoja na vile viongezo vilivyojibandika humo, vinaweza kumchosha karani peke yake. Kwenye Chrome, bonyeza Shift na Esc uone ukurasa upi unakula zaidi.

Safisha vumbi. West Nile wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba, vumbi jekundu huingia kila mahali. Likiziba feni, joto hupanda, na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kazi ile ile sasa inachukua muda mrefu zaidi, na asilimia inabaki juu. Chomoa umeme, fungua kasha, ondoa vumbi kwa brashi laini huku umeshika feni isizunguke. Kwa mashine ya miaka mingi, fundi anaweza kubadilisha krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo chake. Kompyuta ya mama ilitoa vumbi la kujaza kikombe cha chai.

Angalia chaja. Baadhi ya laptopu zikipewa chaja isiyo yake, hasa yenye nguvu ndogo, hushusha kasi. Wanaonunua chaja barabarani wakumbuke hilo.

Hakikisha kweli ni prosesa. Kwenye Task Manager, ikiwa CPU iko chini lakini "Memory" iko juu ya asilimia 90, kinachokosekana ni memori. Ikiwa "Disk" imeganda kwenye 100, diski ya zamani inayozunguka ndiyo inayokuchelewesha, na kuweka diski ya SSD kunaweza kuifufua mashine kwa bei iliyo chini sana ya kompyuta mpya.

Gharama isiyoonekana

Mtu anaweza kusema kompyuta nzito ni kero tu. Fundi alipiga hesabu kwenye karatasi. Prosesa ya kompyuta ya mezani ikifanya kazi kwa nguvu zote inaweza kuongeza wati 60 juu ya matumizi ya kawaida. Kwa saa 10 kwa siku hiyo ni wati-saa 600, au uniti 0.6. Kwa mwezi ni uniti 18, zinazolipwa na mama ili mtu mwingine apate sarafu. Kwa anayetumia sola, betri inakwisha kabla ya jioni.

Na huku West Nile umeme haujawahi kuwa kitu cha kuchezea. Kwa miaka mingi eneo hili halikuwa kwenye gridi ya taifa. Lilitegemea majenereta na, kuanzia 2012, kituo kidogo cha maji cha Nyagak chenye megawati 3.5.

Kuna gharama nyingine. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo ikafuata 2022. Kadiri soko linavyopanuka, ndivyo kumbukumbu zinavyodaiwa. Utaratibu rahisi wa forodha kwa shehena zisizozidi dola 2,000 bado unamtaka mfanyabiashara aonyeshe thamani ya mzigo wake, na aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani nchini Uganda anatakiwa kutoa ankara za kielektroniki za EFRIS. Daftari likifungwa ndani ya mashine iliyokwama, mwenye mali anabaki na maneno tu.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuisasisha Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mashine inaendelea kuwaka, lakini milango yake haikarabatiwi kama zamani. Mwenye kompyuta ya aina hiyo aulize fundi kama inaweza kubeba Windows 11 kabla ya kuitegemea kwa mambo ya benki.

Kompyuta ya Arua Hill sasa inawaka kabla maji ya chai hayajachemka. Fundi alimwachia mama agizo moja: kila Ijumaa anakili hesabu kwenye flashi, na flashi isilale nyumba moja na kompyuta.

Nilipomuaga, printa ilikuwa inatoa karatasi tatu za majina. Kesho yake mama alikuwa na safari ya Ariwara. "Walidhani mashine imekufa na madeni yamekufa nayo," alisema, akizikunja na kuziweka kwenye mkoba. "Naenda kuwasalimia."