Utafutaji wa Maandiko kuhusu Wabajuni katika Hifadhidata za Maktaba: Tatizo la Majina

Mtafiti anayeandika neno moja tu, Bajuni, katika hifadhidata ya majarida aghalabu hupata matokeo machache, na sehemu yake nzuri huhusu Lamu na pwani ya kaskazini ya Kenya. Visiwa vya upande wa Somalia, yaani Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo vilivyopangana kusini mwa Kismayu kuelekea Ras Kamboni, huonekana kana kwamba havijapata kuandikiwa. Makala haya yanaeleza kwamba uhaba huo, ijapokuwa upo, hukuzwa mno na namna ya kutafuta.

Hifadhidata hulinganisha herufi kabla ya kulinganisha maana. Baadhi ya mifumo huongeza visawe kwa hiari yake, lakini hufanya hivyo kwa maneno yanayotafutwa na wengi, na jina la jamii ndogo ya wavuvi si mojawapo. Mfano ulio wazi ni kitabu cha Vinigi Grottanelli kilichotoka Roma mwaka 1955, ambacho ni miongoni mwa kazi kubwa za kietnografia kuhusu Wabajuni wa Jubaland. Kichwa chake kikuu kinataja wavuvi wa Bahari ya Hindi tu. Jina la jamii limo katika kichwa kidogo, nalo limeandikwa kwa tahajia ya Kiitaliano: Bagiuni. Anayetafuta Bajuni hakioni, hata kama kipo kwenye rafu ya maktaba yake mwenyewe.

Tahajia hizo zina historia ya kiutawala nyuma yake. Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza, ikitawaliwa kutoka Kenya, hadi mwaka 1925 ilipokabidhiwa Italia. Mwaka 1926 ikaunganishwa na koloni la Somalia. Kwa hiyo mji uleule ni Kismayu katika majalada ya Kiingereza, Chisimaio katika ya Kiitaliano, na Kismaayo katika maandishi ya Kisomali yaliyofuata kupitishwa kwa hati ya Kilatini mwaka 1972. Bur Gavo huitwa pia Birikau, na katika ramani za Kiingereza Port Durnford. Nyaraka za kabla ya 1925 hazina budi kutafutwa Nairobi na London, na za baadaye Roma. Katalogi za miji hiyo hazikukubaliana juu ya jina moja.

Njia iliyo salama ni kuunganisha majina yote kwa kiunganishi cha hiari, ambacho mifumo mingi hukitambua kwa umbo la OR, kisha kuyafungamanisha na mahali kwa AND: (Bajun* OR Bagiun* OR Baajuun OR Tikuu OR Tikulu OR Gunya) AND (Kisma* OR Kisimay* OR Chisimaio OR Jubaland OR Giuba OR Oltregiuba). Kinyota huruhusu herufi zozote zifuate. Kisitumiwe kiholela: Kisima* italeta pia makala za visima vya maji.

Kinyota kina udhaifu mwingine unaowagusa hasa watumiaji wa Kiswahili. Katika mifumo mingi hukaa mwishoni mwa neno, ilhali Kiswahili hubadilisha mwanzo wake. Bajun* haitaipata Kibajuni, Wabajuni, wala Mbajuni. Kila umbo lenye kiambishi awali liandikwe peke yake, la sivyo mtafiti atayakosa maandiko ya Kiswahili.

Ziko pia kazi zisizotaja jamii hiyo kabisa katika kichwa. Makala ya Neville Chittick ya mwaka 1969 katika jarida la Azania, kuhusu uchunguzi wa kiakiolojia, inataja pwani ya kusini ya Somalia tu. Kitabu cha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch cha mwaka 1993 kinaishughulikia lahaja hii ndani ya kundi zima la Sabaki. Katika uainishaji wa Guthrie lahaja hiyo ni G41, kwa jina la Tikuu. Kazi za aina hii hupatikana kwa kufuata marejeleo ya kazi nyingine kuliko kwa neno-msingi.

Kwa washauri wa sera suala hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi elekezi, KS, [2004] UKIAT 00271, ambao kichwa chake kinataja uwezo wa kuzungumza Kibajuni. Madai ya hifadhi yanapopimwa kwa lugha, kauli ya kwamba “hakuna maandiko” kuhusu usemi wa kisiwa fulani inaweza kumgharimu mwombaji, na pengine imetokana na tahajia moja. Uamuzi wenyewe hauonekani katika hifadhidata nyingi za majarida. Hupatikana bure katika mkusanyo wa kisheria wa BAILII. Ripoti inayodai kutopata kitu inapaswa kuambatisha hifadhidata zilizotumika, tarehe, na maneno yote yaliyoandikwa, pamoja na tahajia zake, ili msomaji mwingine aweze kuurudia utafutaji huo.