MAJI HUSUKUMA KUTOKA PANDE ZOTE
Somo la uokoaji kwa wanajeshi na polisi

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya abiria MV Bukoba ya ndugu zetu wa Tanzania ilipinduka katika Ziwa Victoria, ikiwa safarini kutoka Bukoba kwenda Mwanza. Meli hiyo haikuzama papo hapo. Iliendelea kuelea, tumbo lake likitazama mbingu, na ndani yake wangalimo watu walio hai. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, walitoboa bamba la chuma ili wawafikie. Hewa ikatoka, maji yakapanda ndani, na meli ikadidimia. Mamia ya watu walipoteza maisha katika msiba huo.

Yawezekanaje tundu lililotobolewa juu ya maji lizamishe meli? Kila askari anayeweza kuitwa ziwani au mtoni yampasa kulijua jibu.

Tufikirie fungu la maji ndani ya ziwa lililotulia, lenye umbo la sanduku la mita 1 kila upande. Uso wake wa juu uko mita 2 chini ya uso wa ziwa, na kitako chake kiko mita 3. Maji yanayojaza mita 1 ya ujazo yana uzito wa tani 1. Basi maji ya juu hulikandamiza fungu hilo kwa nguvu ya tani 2, na maji ya chini hulisukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani 3. Ubavuni, nguvu ya kushoto hulingana na ya kulia, na ya mbele hulingana na ya nyuma, hivyo zote hufutana. Hewa ya angani nayo huongeza mkandamizo uleule juu na chini, kwa hiyo haibadili hesabu. Inabaki tani 1 kwenda juu, nayo ni sawasawa na uzito wa fungu lenyewe. Ndiyo sababu fungu hilo halipandi wala halishuki.

Hoja ya namna hii ilielezwa na Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, katika kitabu chake cha mwaka 1586. Bwana huyu hakuwa mgeni wa mambo ya kijeshi, kwani baadaye alikuwa kwatamasta katika jeshi la Maurice wa Nassau.

Sasa tuliondoe fungu la maji, na mahali pake tuweke pipa tupu la lita 200 lililofungwa barabara. Maji yanayolizunguka hayajui kwamba kilichomo ni hewa. Husukuma vilevile, kwa nguvu ya kilo 200 kwenda juu. Ikiwa pipa lina uzito wa kilo 20, linaweza kubeba kilo 180 kabla ya kuzama. Hii ndiyo siri ya chelezo cha mapipa tunachovukia mito.

Meli iliyopinduka ni pipa kubwa lililofunikwa kifudifudi, na mdomo wake u wazi chini. Hewa iliyonaswa ndani hukandamizwa na maji yanayopanda kutoka chini. Ikiwa maji ya ndani yamesimama mita 3 chini ya uso wa ziwa, hewa hiyo husukuma bamba kutoka ndani kwa nguvu ya tani 3 kwa kila mita mraba, zaidi ya hewa ya nje inavyosukuma. Tundu la sentimita 30 kwa 30 litakutana na msukumo wa kilo 270. Hewa hutoka kwa kasi, maji hushika nafasi yake, na nguvu iliyokuwa ikiibeba meli hupungua hadi ishindwe na uzito.

Lakini tundu lililo chini ya usawa wa maji ya ndani haliitoi hewa hiyo. Kwa hiyo njia ya mpiga mbizi anayeingia kutoka chini haiinyang'anyi meli uhai wake. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai. Hewa iliyobaki ndani ndiyo iliyomhifadhi.

Kanuni hiyohiyo hutawala barabarani wakati wa mafuriko. Mlango wa gari wenye upana wa mita 1, maji yakiufunika kwa nusu mita na ndani pakiwa pakavu, hubanwa kwa nguvu ya kilo 125. Dereva asipoteze dakika akishindana na mlango. Ashushe kioo mapema na kutoka kwa dirisha.

Ndugu askari, ushujaa usio na maarifa unaweza kumuua yule tunayetaka kumwokoa. Ufikapo penye chombo kilichopinduka, gonga bamba na usikilize. Uliza hewa iko wapi, na inabeba nini. Agiza maboya, kamba na kreni za kukishikilia chombo, uwaite wapiga mbizi. Kabla ya hayo kutimia, msumeno na moto wa kukatia chuma vikae kando.