Kufunga Saa ya Mkono Nyumbani

Mshale wa sekunde wa saa yenye mashine aina ya NH35 una tundu la milimita 0.2. Unatakiwa kuvishwa juu ya pini ya ukubwa huohuo, ukae bapa, usiguse mshale wa dakika ulio chini yake wala kioo kilicho juu. Hapo ndipo anayefunga saa yake ya kwanza nyumbani hutokwa jasho. Kazi nyingine zote zina nafuu.

Kufunga saa si sawa na kuunda saa. Mwingereza George Daniels, aliyeishi kisiwa cha Isle of Man, alikuwa miongoni mwa watu wachache sana walioweza kutengeneza karibu kila kipande cha saa kwa mikono yao. Anayefunga saa nyumbani hununua mashine iliyokwisha kuungwa kiwandani, kisha huitafutia kasha, uso, mishale, kioo na mkanda.

Hamasa kubwa ya shughuli hii ilichochewa na saa moja ya Kijapani: Seiko SKX007, saa ya wapiga mbizi iliyotoka mwaka 1996. Ilikuwa imara, bei yake haikuumiza, na ilifunguka bila taabu. Wapenzi wake wakaanza kuibadilisha uso na mishale, na wengine wakaing'oa hata mashine, kwa kuwa ile ya awali haikuweza kujazwa kwa mkono. Watengenezaji wadogo wakaona soko, wakaanza kutoa vipuri vya vipimo vyake. Saa hiyo ilipoacha kutengenezwa mwaka 2019, tayari mtu aliweza kufunga saa ya umbo lake bila kuwa na kipande chake hata kimoja.

NH35 yenyewe inatoka katika ukoo huohuo wa Seiko. Haitumii betri. Mkono unapotikisika, uzani wa nusu duara ulio nyuma ya mashine huzunguka na kuikaza kamani, utepe wa chuma uliojiviringisha ndani ya pipa dogo. Nguvu ya kamani hupitia magurudumu yenye meno hadi kwenye gurudumu la mizani, ambalo huyumba huku na huku na kupiga mapigo 6 kwa sekunde. Ikijazwa vizuri, saa huendelea kutembea kwa takriban saa 41 hata ikivuliwa.

Kabla ya kugusa chochote, meza husafishwa na madirisha hufungwa. Vumbi ndilo adui mkuu: chembe moja ikinaswa chini ya kioo, itaonekana kila mwenye saa anapotazama majira. Hupeperushwa kwa kipulizio cha mpira, kamwe si kwa mdomo, maana mate huleta kutu.

Uso ukishakaa juu ya mashine, kifundo cha pembeni huzungushwa polepole mpaka tarehe iruke. Papo hapo kuzungusha kunakoma. Mashine sasa inaamini ni saa sita usiku, kwa hiyo mshale wa saa na wa dakika huvishwa yote miwili ikielekea juu kabisa, kwenye 12. Ikikosewa hapa, tarehe itabadilika saa nne usiku au alfajiri. Kisha mishale huzungushwa duara zima huku fundi akiitazama kwa ubavu, kioo cha kukuzia jichoni, kuhakikisha haigusani popote.

Kijiti cha kifundo huja kirefu makusudi. Hukatwa kidogo, hupigwa tupa, hujaribiwa, kisha hukatwa tena. Kikizidi kuwa kifupi, dawa ni kununua kingine.

Tahadhari mbili zinastahili kusisitizwa. Kasha lililoandikwa mita 200 lisipelekwe baharini kabla ya kupimwa kwa mgandamizo, hata kama mpira wa kuzuia maji umepakwa mafuta ya silikoni. Na anayetaka kujifunzia kwenye saa kuukuu za miaka ya kabla ya 1960 aziogope zenye namba za kung'aa gizani. Nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, na unga wake ni hatari ukivutwa puani. Kuhusu nyuso zilizobandikwa majina ya kampuni maarufu, huo ni ughushi. Uso usio na jina una heshima zaidi.

Kiwanda huruhusu NH35 ichelewe hadi sekunde 20 au iwahi hadi sekunde 40 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo hata ikiwahi kiasi hicho chote, kosa halifiki sehemu moja kwa elfu mbili, na hilo ni la ajabu kwa chuma kinachosukumwa na kamani. Zipo programu za simu zinazousikiliza mlio wa saa na kuonyesha inawahi au inachelewa kiasi gani. Wenzo mdogo juu ya gurudumu la mizani husogezwa kwa uchache kabisa, kisha hupimwa upya. Mwendo hutofautiana pia kulingana na mkao: saa iliyolala chali haiendi sawa na iliyosimama kwa ubavu. Wazoefu hulitumia hilo. Saa ikiwahi mchana mkononi, usiku huiweka katika mkao unaoichelewesha, na kwa njia hiyo hupunguza kosa bila kuifungua tena.