Uyoga wa Pori la Miombo

Mvua za kwanza zikiisha kunyesha, mwezi wa Novemba, wamama wa vijiji vya Katanga hushika vitunga na kuingia porini asubuhi mapema. Watoto huwafuata. Wanatafuta uyoga.

Uyoga si mti wala si jani. Hauna rangi ya majani mabichi, kwa hiyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Sehemu inayoonekana ni kama tunda tu. Mwili wake wenyewe umefichika udongoni: ni nyuzi nyembamba kupita nywele. Nyuzi hizo hushikamana na mizizi ya miombo. Huupatia mti maji na chumvi za udongo. Mti nao huzipatia sukari. Basi mahali ambapo miombo yote imekatwa kwa kuchoma makala, uyoga wa namna hiyo hauoti tena.

Uyoga mwingine hauhitaji miombo. Huota kwenye vichuguu, kwa maana mchwa ndio wanaoulima! Ndani ya kichuguu mchwa hutafuna miti na majani makavu, hufanya bustani, na nyuzi za uyoga huota humo. Ukichimba polepole utaona mguu wake unashuka kama mzizi mrefu mpaka bustanini. Aina moja ina kofia iwezayo kufikia meta 1 kwa upana. Mtoto akiubeba kichwani, uso wake hauonekani.

Chitondo, kama Wabemba wanavyouita, ni rahisi kuutambua. Rangi yake ni ya manjano au nyekundu, na chini ya kofia mna mikunjo inayotelemka mpaka mguuni. Kabansa nao ukivunjwa hutoa maji kama maziwa.

Lakini tente unataka macho. Ni mtamu sana. Una kofia nyeupe au ya manjano kama kiini cha yai, pete mguuni, na chini kabisa, ndani ya udongo, kikombe. Shida ni hii: jamii ya tente ina ndugu wengi duniani, na baadhi yao wanaua. Nao pia wana pete na kikombe. Mtoto avunjaye mguu juu juu anakiacha kikombe udongoni, na mama nyumbani hana tena alama ya kutazama. Afadhali kuchimba kwa kijiti na kutoa mguu mzima. Tena uyoga usiojulikana usichanganywe na mwingine kitungani.

Wengine husema: uyoga ulioliwa na konokono hauna sumu, au, ukichemshwa na chumvi, sumu hutoka. Si kweli. Konokono hula bila kudhurika uyoga unaoua mtu, na sumu ya ule mbaya kabisa haiharibiki kwa moto wala kwa kukaushwa.

Sumu hiyo ina hila. Aliyekula huenda kulala vema. Tumbo laanza kuuma baada ya saa 6, hata 12 au zaidi. Hutapika na kuharisha. Kisha huonekana kama amepona, kumbe ini linaharibika. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata akisema amepata nafuu, na wa nyumbani wachukue mabaki ya uyoga, mganga apate kuyatazama.