Tulasi Uani, Kafuri Mlimani

Jani la tulasi likifikichwa kati ya vidole hutoa harufu ambayo mtu wa Unguja au Pemba ataifananisha na karafuu, na atakuwa sahihi. Katika tulasi nyingi kiini cha harufu hiyo ni yujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu ukali wake. Mmea huihifadhi juu ya jani, ndani ya tezi ndogo ambazo jicho huziona kwa shida. Kila tezi kubwa ina kichwa cha seli nne. Seli hizo hutengeneza mafuta na kuyasukuma nje, yakajikusanya chini ya utando mwembamba. Mdudu akitafuna, au kidole kikipapasa, utando hupasuka. Kwa mmea hiyo ni silaha. Kwa anayelima nyumbani ndilo zao lenyewe, na karibu kila shauri jema la kuitunza tulasi linatoka hapo.

Tuanze na jua. Wahindu, wanaouheshimu mmea huu kwa ajili ya Vishnu, huupanda uani kwenye kijukwaa kilichoinuliwa, mahali ambapo mwanga hauzuiliwi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, kina mpangilio mwingine: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi pembeni. Kahawa hunawiri katika kivuli hicho, lakini rehani na jamaa zake, tulasi ikiwemo, hutengeneza mafuta machache jua likipungua. Tulasi basi ikae nje ya migomba, mbele ya nyumba au kandokando ya mfongo (mfereji wa maji), ipate jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku.

Mjini Moshi joto linatosha karibu mwaka mzima. Ukipanda kuelekea Kibosho au Marangu, Juni na Julai huleta ukungu na baridi, na mmea huu wa Bara Hindi hudumaa joto likishuka karibu na nyuzi 10. Huko juu nashauri chungu, au ndoo iliyotobolewa chini, ili uingizwe ndani usiku. Unyevu nao huleta adui wake: ubwiri vinyoya, ugonjwa wa rehani ulioripotiwa kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1933, ukakaa takriban miaka 70 kabla ya kuzuka Ulaya na kisha Marekani. Huota upande wa chini wa jani lililokaa na maji. Mwagilia shinani, asubuhi, na uache nafasi kati ya mche na mche. Mbegu ni ndogo mno, na zikilowa hujivika ute. Zitawanye juu ya udongo wenye samadi iliyooza na uzigandamize kidogo bila kuzifukia.

Kwenye kuvuna ndiko watu wengi wanakopoteza harufu. Wengine huchuma jani moja moja kutoka chini na kuiacha ncha iendelee kupanda. Ncha hiyo hutoa homoni ya auksini, inayoshuka kwenye shina na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Kata ncha juu kidogo ya kifundo chenye majani mawili, na zuio litaondoka: matawi mawili hutoka mahali pa moja. Ukirudia hivyo, mche mwembamba unakuwa kichaka. Kata kabla maua hayajafunguka, kwani mmea ukianza kuzaa mbegu hupunguza kutoa majani mapya. Usichukue zaidi ya theluthi kwa mara moja. Fanya kazi hiyo asubuhi, umande ukishakauka.

Kisha usianike juani. Jua la Moshi hukausha haraka, lakini linapukutisha mafuta pamoja na maji. Funga matawi vifungu vidogo, uvitundike kivulini penye upepo, mbali na moshi wa jikoni. Yakishakauka, weka majani mazima kwenye chupa yenye kifuniko na uyavunje siku ya kuyatumia, maana kila jani linalovunjwa mapema hupasua tezi zake bure. Mjamzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amwone daktari kabla ya kuzoea chai ya tulasi.

Linalonisikitisha ni kwamba tulasi inapewa chungu kizuri huku nduguye wa hapa hapa akifyekwa kama gugu. Mtaalamu wa Kijerumani Robert Gürke aliuandika mmea huo kisayansi mwaka 1895 na kuupa jina la mlima wetu: Ocimum kilimandscharicum. Majani yake yana manyoya ya kijivu, na harufu yake mara nyingi ni ya kafuri kabisa. Mwaka 2008 Eliningaya Kweka na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mimea ya kufukuza mbu kaskazini mashariki mwa Tanzania, na huu ulikuwa mmojawapo. Kule Mbita, Kenya, watafiti waliweka jamaa mwingine, Ocimum americanum, akiwa hai ndani ya vyungu kwenye vibanda vya majaribio, na mbu wakapungua kuuma kwa karibu asilimia 40. Ni msaada wa kweli, ila mbu wengi bado waliuma. Kwa watu wa Mabogini na Chekereni, wanaoishi na mashamba ya mpunga, chandarua kibaki mahali pake.

Wakulima wa Muliru, kando ya msitu wa Kakamega nchini Kenya, wanaulima mmea wetu huu, wanakamua mafuta yake na kuyatengenezea dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi chao kilipata Tuzo ya Ikweta. Mlima wenye jina unaweza kufanya zaidi ya hapo. Lakini usitengeneze chai ya mmea huu: kafuri ikimezwa ni sumu, na watoto wachanga wasipakwe mafuta yake.

Anayetaka kuuotesha asitegemee mbegu alizookota karibu na rehani nyingine. Mwaka 1983, kwenye bustani ya Peter Borchard huko Athens, Ohio, ulichavushana na rehani ya zambarau. Mtoto wao, African Blue, hana mbegu zinazoota. Njia ya uhakika ni kipandikizi: kata ncha isiyo na maua, toa majani ya chini, uiweke kwenye maji safi kivulini. Baada ya wiki mbili hivi mizizi itakuwa imetosha kuingia udongoni.