Kondoo wa Kikundi: Nani Anakula Nyama, Nani Anakunywa Supu?



Nikitembelea vikundi huwa napikiwa, na nashukuru sana. Siku moja nilikuta kondoo amechinjwa. Mimi mgeni niliwekewa sahani imejaa, wazee wakapata mguu na mbavu. Akina mama waliopika walibaki jikoni na mifupa. Mtoto mmoja wa kama miaka miwili, viganja vimepauka kabisa, alipewa ugali na supu. Nilipouliza, mama yake akanijibu, "Mwalimu, kwani si supu ndiyo iko na nguvu?"

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Wengi tunaamini hivyo, lakini tumekosea.

SUPU NA NYAMA

Supu ni nzuri. Inapasha mwili joto na ina ladha. Lakini protini ya kujenga mwili, na madini ya chuma ya kuongeza damu, sehemu kubwa hubaki ndani ya nyama yenyewe. Mtoto wa supu peke yake amejaza tumbo maji.

Madini ya chuma yaliyo kwa nyama ya kondoo, kama ya mbuzi na ng'ombe, huingia mwilini kwa urahisi kuliko yale ya maharagwe na mboga za majani. Tena ukipika nyama kidogo pamoja na maharagwe, hiyo nyama husaidia mwili kuchukua chuma cha maharagwe pia. Kwa hivyo si lazima nyama iwe nyingi. Ya maana ni imfikie anayeihitaji.

Anayeihitaji zaidi ni nani? Ni mtoto kuanzia miezi 6, msichana aliyevunja ungo, mama mja mzito na mama aliyejifungua. Baba pia ale, amefanya kazi. Lakini yeye hapotezi damu kila mwezi.

KIDOGO KIDOGO

Nyumba nyingi hula nyama Krismasi na Pasaka mpaka tumbo linauma, halafu miezi mitatu hakuna. Hiyo haimsaidii mtoto anayekua. Na wale wenye uwezo nao wanakula nyama choma kila jioni. Hiyo pia si afya. Wataalamu wa kuzuia saratani wanashauri mtu mzima asipitishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima. Mafuta ya kondoo, hasa ya mkia, ni mazito. Mwenye ugonjwa wa moyo apunguze mafuta hayo, na mwenye presha apunguze chumvi.

MERIGORAUNDI YA NYAMA

Merigoraundi ya pesa tunaijua sote. Kwa nini tusifanye ya nyama? Kondoo wa kilo 30 akiwa hai hutoa karibu kilo 14 za nyama na mifupa. Kikundi cha watu 12 wakigawana, kila nyumba inapata zaidi ya kilo moja. Kila mwanachama akitoa kondoo mmoja kwa mwaka, atakula mara 12. Na hao kondoo wengine anaweza kuuza alipe karo.

Kondoo hawatoshani, kwa hivyo mpimeni kwa mizani na muandike kwa kitabu, msije mkakosana. Kama hamna friji, pikeni ya siku hiyo, na nyingine mfanye nyirinyiri kama ndugu zetu wa kaskazini. Nyama hukatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa kwa mafuta mpaka maji yote yaishe, kisha huwekwa kwa chombo safi chenye kifuniko, ikiwa imefunikwa na mafuta yake. Ukitaka, unachota kijiko cha kutia kwa chakula cha mtoto.

KUPIKA KWA WATU SITA

Chukua nusu kilo ya nyama. Ondoa mafuta ya ziada (hayo ndiyo huleta ile harufu wengine hawapendi) na ukate vipande vidogo. Weka kwa sufuria na chumvi kidogo, ikauke kwa mafuta yake yenyewe. Tia kitunguu, tangawizi na nyanya. Ongeza maji na ufunike. Kondoo mchanga huiva kwa saa moja, mzee hufika saa mbili. Tia maharagwe yaliyochemshwa na karoti. Mwisho kabisa weka sukuma wiki au terere, dakika tano zatosha. Kamulia ndimu ukipakua, kwa sababu ndimu husaidia mwili kuchukua chuma. Chai ngojeni kama saa moja baada ya kula, maana chai huzuia chuma hicho.

Kwa mtoto mdogo, ponda nyama iliyoiva vizuri kwa kinu, changanya na viazi vilivyopondwa. Vijiko viwili ni mwanzo mzuri.

TAHADHARI

1. Msile mnyama aliyekufa mwenyewe. Anaweza kuwa na kimeta. Mwaka 1997-98 na 2006-07 homa ya Bonde la Ufa iliua watu hapa Kenya, na baadhi yao walikuwa wameshika au kuchinja mifugo wagonjwa.
2. Mwiteni mkaguzi wa nyama kabla ya kugawana.
3. Kondoo akipewa dawa ya minyoo au sindano, ngojeni siku zilizoandikwa kwa dawa ndipo mchinje.
4. Maini au mapafu yakiwa na malengelenge ya maji, choma au zika kwa shimo refu. Usimtupie mbwa. Mbwa hupata minyoo kutoka hapo, na mayai ya minyoo hiyo humrudia mtoto anayecheza naye.

YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

- Kwetu nyumbani, nani hupakuliwa kwanza na nani mwisho?
- Mwaka jana tuliuza kondoo wangapi, na watoto wetu walionja wangapi?
- Mkutano ujao, nani atatoa kondoo wa kwanza?

Yule mtoto, mama alimtolea vipande vitatu kwa sahani yangu. Sikupungukiwa na kitu.